Maganda mchanganyiko ya risasi za .308: upime nini, na nini usihangaike nacho

Swali: "Naishi Minnesota, nalenga shabaha kwa bunduki ya bolti ya .308 Winchester na risasi najijazia mwenyewe. Nina maganda kama 300 yaliyokwisha kupigwa: mengine ya Winchester, mengine ya Federal, mengine yana herufi LC. Juzi nimeongeza 100 mapya ya Lapua. Yote nayatilia kipimo kimoja cha baruti, kile nilichokipata nilipokuwa na Winchester tu. Kwenye yadi 100 risasi zinakaa ndani ya inchi moja. Kwenye yadi 600 zinatawanyika juu na chini inchi 9, kushoto na kulia hazina neno. Kipima kasi kinaonyesha tofauti ya futi 70 kwa sekunde kati ya ya haraka kuliko zote na ya polepole. Kosa ni la maganda? Nikiyapima, nipime nini?"

Jibu: Kosa kubwa ni la kuyachanganya, na kabla hatujafika kwenye usahihi kuna jambo la usalama. Kipimo ulichokipata kwa ganda la Winchester usikitie tena kwenye Federal, LC wala Lapua. Ganda la .308 la Winchester mara nyingi huwa na uzito wa greni 155 hadi 165 (greni moja ni gramu 0.065), la Lapua huwa karibu na 170, na la LC, ambalo ni la jeshi, hufika 175 hadi 185. Yote matatu yakishapigwa kwenye chemba yako (tundu la nyuma ya mtutu, ganda linapokaa) yana umbo moja kwa nje, kwa hiyo shaba iliyozidi imekaa upande wa ndani na kula nafasi ya baruti. Baruti ileile kwenye nafasi finyu hutoa shinikizo kubwa zaidi, na shinikizo hupanda upesi kuliko kasi inavyopanda. Kikomo cha .308 kwa kanuni za SAAMI, chama cha watengenezaji wa silaha na risasi cha Marekani, ni pauni 62,000 kwa inchi ya mraba. Kama kipimo chako cha Winchester kilikuwa karibu na juu, ndani ya LC huenda umeshavuka. Usisubiri fataki (kile kidonge cha kitakoni kinachowasha baruti) ibabatike au bolti iwe nzito kufunguka ndipo uamini, maana dalili hizo huchelewa. Risasi za Federal, LC na Lapua ulizokwisha kujaza kwa kipimo hicho zing'oe vichwa (ile sehemu inayoruka kwenda kwenye shabaha), urudishe baruti kwenye mkebe wake, uanze upya na kiwango cha kuanzia kilichoandikwa kwenye kitabu cha data cha mtengenezaji wa baruti au wa kichwa.

Sasa tuje kwenye shabaha. Ukitumia kichwa cha greni 175 kinachotoka kwa futi 2,600 hivi kwa sekunde, kila futi 10 za tofauti ya kasi hushusha au kupandisha risasi karibu inchi moja kwenye yadi 600. Futi 70 ni inchi 6 au 7. Kwenye yadi 100 futi hizohizo 70 hazifiki hata inchi 0.15, ndiyo maana karatasi yako ya yadi 100 inakusifu bure. Kisha bunduki yenyewe inatawanya inchi moja kwenye yadi 100, yaani inchi 6 kwenye yadi 600 hata kasi zote zingekuwa sawa. Mitawanyiko ya aina mbili haijumlishwi moja kwa moja, kwa sababu mara nyingine mmoja huufuta mwingine. Zidisha kila mmoja kwa nafsi yake, jumlisha, tafuta kipeo cha pili: 6 na 6 na nusu hukupa kama 9. Ndiyo inchi 9 zako hizo. Basi maganda yanaweza kukuondolea sehemu ya mtawanyiko inayoletwa na kasi. Inchi 6 za bunduki, kichwa na mkono wako zitabaki hata ukinunua ganda la dhahabu.

Anza kwa kutenga. Soma maandishi ya kitakoni: Winchester peke yake, Federal peke yake, na LC uzitenge kwa mwaka, zile tarakimu mbili zilizo kando ya herufi. LC ni kiwanda cha jeshi cha Lake City, kilichoko Independence, Missouri, kilichoanza mwaka 1941, na maganda yake ya miaka tofauti hayana lazima ya kufanana. Jambo zito zaidi ni kwamba maganda mengi ya LC yanayouzwa mitumba yamepigwa kwenye bunduki za rashasha, ambazo chemba zake ni ndefu. Ganda limeshanyooshwa kabla halijafika kwako, na hilo tutalirudia. Ukiona ganda lina mistari ya masizi ya urefu kiwiliwili kizima, hilo limetoka kwenye bunduki ya ukoo wa G3, ile wengi wetu tumeiona mikononi mwa askari wa Kenya; chemba yake ina mifereji. Mistari yenyewe haina madhara, ila bunduki hizo hutupa ganda kwa nguvu na mara nyingi huliacha na bonde ubavuni.

Pitisha sumaku kuondoa ya chuma. Chungulia ndani kwa tochi: tundu moja katikati ni mfumo wa Boxer, unaojazika, matundu mawili pembeni ni Berdan, weka kando kabla hujavunja pini ya dai (kile chombo cha kulibana ganda lirudie umbo lake). (Boxer alikuwa Mwingereza na Berdan Mmarekani, lakini Wamarekani wakashika Boxer na Ulaya ikashika Berdan.) Lenye ufa shingoni, kutu ya kijani iliyokula, au kishimo cha fataki kilichopanuka, tupa.

Usafi nao una mtego. Shaba hii ya manjano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu asilimia 70 na zinki asilimia 30, na adui yake ni amonia. Katika karne ya 19 jeshi la Waingereza huko India lilikuta maganda yakipasuka yenyewe ghalani msimu wa mvua. Chanzo kilikuwa mvuke wa amonia kutoka kwenye mkojo wa farasi, ukishambulia shaba iliyobaki na mkazo ndani yake tangu kiwandani. Kwa hiyo dawa za kung'arishia vyombo vya shaba zenye amonia zisiguse ganda. Mngaro wenyewe hausaidii kitu. Doa la bluu na kahawia unaloliona kwenye shingo ya Lapua mpya ni alama ya moto wa kulainishia. Viwanda vingine hulisugua likaondoka, wao huliacha.

Sasa uzito, maana najua mizani ndiyo iliyokuingiza wasiwasi. Kinachotakiwa kufanana ni ujazo wa ndani. Uzito ni shahidi wa kusikia tu. Shaba hii ina uzito kama mara 8.5 wa maji, kwa hiyo greni 8.5 za shaba zikiwa ndani ya ganda huchukua nafasi ya greni moja ya maji. Ganda la .308 hubeba maji kama greni 56. Tofauti ya greni 20 kati ya Winchester na LC ni zaidi ya greni 2 za maji, yaani asilimia 4 ya ujazo. Hapo umeshapata sehemu nzuri ya zile futi 70. Lakini tofauti ya greni 2 za shaba kati ya Lapua na Lapua ni robo ya greni ya maji, na kipima kasi chako hakitaiona. Tena greni hizo 2 huenda ziko nje kabisa, kwenye mfereji wa kung'olea ganda au unene wa ukingo, mahali ambapo baruti haifiki. Watu hukesha wakipanga Lapua kwa nusu greni, waache walale.

Njia ya kujua ni kupima maji. Chukua maganda yaliyopigwa kwenye bunduki yako na ambayo hujayabana upya kwenye dai, ukiacha fataki iliyopigwa mahali pake ili izibe tundu. Hakikisha urefu wao ni mmoja. Pima likiwa tupu, jaza maji yenye tone la sabuni ya vyombo kwa bomba la sindano, gonga ubavu mapovu yatoke, sawazisha maji yawe bapa mdomoni bila kuvimba wala kubonyea, kausha nje, pima tena. Usipime yote 300. Kutoka kila fungu chukua matano mepesi kuliko yote na matano mazito kuliko yote. Kama mazito yanabeba maji machache kwa kiasi kinacholingana na ile hesabu ya 8.5, basi katika fungu hilo uzito unasema kweli na unaweza kulipanga kwa mizani. Kama maji hayafuati uzito, mizani iweke kabatini. Kwa fungu la Winchester au Federal, kupanga ndani ya asilimia 1 ya uzito wa kati kunatosha, yaani greni 1.6 juu na 1.6 chini kwa ganda la greni 160; yaliyo nje ya hapo yawe ya mazoezi ya yadi 100. Pima baada ya kukata urefu, la sivyo unapima tofauti ya shingo.

Shingo ndiko ningekutaka utumie saa zako, kwa kuwa ndiyo inayoshika kichwa na kuamua kinaachiwa lini. Tazama hesabu hii. Kichwa kina kipenyo cha inchi 0.308. Ukuta wa shingo ukiwa inchi 0.0135, risasi iliyojazwa ina shingo ya 0.335 kwa nje. Ukitumia dai ya bushi (pete ya kubadilishwa inayobana shingo) na ukaweka bushi ya 0.333, shingo imekaza kwa elfu 2 za inchi, yaani inchi 0.002, vizuri kabisa. Sasa pitisha kwenye bushi hiyohiyo ganda lenye ukuta wa 0.0145. Shingo yake yenye kichwa ni 0.337, kwa hiyo umekaza kwa elfu 4. Umebadilisha chapa, ukaongeza mkazo mara mbili bila kugusa kitu chochote. Kama unatumia dai ya kawaida yenye gololi ya kupanulia, kipenyo cha ndani hupangwa na gololi, kwa hiyo unene haukusumbui hivyo. Ila gololi ikivutwa kutoka ndani ya shingo kavu huipinda pembeni na kulivuta bega (pale ganda linapopungua kuingia shingoni) kwenda mbele. Paka mafuta kidogo ndani ya shingo, au toa gololi na utumie mandireli, fimbo laini ya kupanulia shingo, inayoingia kutoka juu.

Unene wa ukuta haupimwi kwa venia ya kawaida, kwa kuwa taya zake bapa haziingii kwenye mkunjo wa ndani. Tafuta maikromita yenye kichwa cha mviringo. Pima sehemu nne kuzunguka shingo, kila robo ya mzunguko, chini kidogo ya mdomo. Tofauti kati ya upande mnene na mwembamba ikiwa ndani ya inchi 0.001 (milimita 0.025), hilo ni ganda la mbali. Ikifika 0.002 bado linapiga vizuri kwa mazoezi na kuwindia. Ikizidi 0.003, jua kwamba ganda lenye upande mwembamba shingoni kwa kawaida ni jembamba upande huohuo mpaka chini kwenye kiwiliwili, kwa sababu kasoro ilianza pale shaba ilipokuwa ikivutwa kutoka kwenye kikombe kule kiwandani. Kuchonga nje ya shingo kutaiweka sawa shingo lakini hakutaiponya mbavu. Kwa chemba ya kawaida ya kiwandani kuchonga shingo zote ni kazi ya bure, maana chemba yenyewe ina nafasi kubwa kuliko hiyo tofauti unayoifukuza.

Ugumu wa shingo nao huhama. Kila ganda linapopanuka likipigwa na kubanwa kwenye dai, shaba hukakamaa kidogo, na shaba iliyokakamaa hujirudi kama springi. Unaitoa kwenye bushi ileile lakini kipenyo kinatoka tofauti. Ukichanganya ganda lililopigwa mara moja na lililopigwa mara saba, umechanganya mikazo miwili. Dawa ni moto: joto kwenye shingo na bega, kwa sekunde chache tu. Zungusha ganda kwenye ncha ya bluu ya mwali wa gesi, ndani ya chumba chenye giza kidogo, bila fataki kishimoni, na uliondoe mara tu wekundu hafifu unapoanza kuonekana mdomoni. Jaribu kwanza kwa maganda matatu unayokubali kuyapoteza, ukihesabu sekunde, kisha shika idadi hiyohiyo kwa yote ya fungu hilo. Fungu jingine lenye unene mwingine lihesabie upya. Rangi ya kupimia joto inayoyeyuka kwenye nyuzi 475 za Farenhaiti, ikipakwa kiwiliwilini chini ya bega, haipaswi kuyeyuka. Ikiyeyuka, joto limeteremka mno. Kitako hakiguswi na moto kwa sababu yoyote ile. Ugumu wake ndio unaozuia gesi isikurudie usoni, na kikishalainika hakuna njia ya nyumbani ya kukirudishia. Wengi hudondosha ganda kwenye maji baadaye. Maji huzuia joto lisitembee, hayaifanyi shaba kuwa ngumu kama yafanyavyo kwa chuma.

Jambo moja dogo linalowachanganya wanaosafisha kwa pini za chuma cha pua: shingo hutoka safi mno ndani, bila ile kaboni nyembamba inayosaidia kichwa kuteleza. Utasikia mkononi, kichwa kimoja kinaingia laini, kingine kinakwaruza. Futa ndani ya shingo kwa unga wa grafaiti kabla ya kuweka kichwa, na uhakikishe hakuna pini iliyokwama ndani ya ganda.

Bega sasa. Ganda la .308 hukaa ndani ya chemba kwa bega lake, na umbali kutoka kitako hadi mahali ambapo bega lina kipenyo cha inchi 0.400 ndio unaotawala. Geji (kipande cha chuma cha kukagulia chemba) ya chini ni inchi 1.630, ile ambayo bolti haipaswi kuifungia ni 1.634. Wewe hupimi geji. Chukua kipimio cha bega kinachofungwa kwenye venia, pima matano yaliyopigwa kwenye bunduki yako, kisha weka dai irudishe bega nyuma kwa elfu 1 hadi 2 za inchi tu (milimita 0.025 hadi 0.05). Maelekezo ya kushusha dai mpaka iguse presi kisha kuongeza robo mzunguko hufanya kazi kwenye kila bunduki, na huua maganda kwenye nyingi. Bega likirudishwa elfu 6 au 8, kila mpigo ganda linanyooka upya, na linakonyooka ni pale juu kidogo ya kitako, panapotokea pete inayong'aa. Siku moja linakatika vipande viwili ndani ya chemba.

Hapo ndipo LC za mitumba zinapotisha. Zimenyooshwa na chemba ya rashasha, wewe unazirudisha kwa mkupuo. Nyoosha klipu ya karatasi, kunja ncha yake iwe kulabu fupi, ipitishe ndani ya kila ganda ukikwaruza kutoka kitakoni kwenda juu. Ikijikwaa kwenye mfereji, tupa hilo, na uvunje mdomo kwa koleo ili lisirudi kundini kwa bahati mbaya.

Mengine ni ya kupita haraka. Urefu usizidi inchi 2.015, kata hadi 2.005 na ulainishe kingo ndani na nje. LC huwa na fataki iliyobanwa kwa pete, kwa hiyo kishimo kinahitaji kupanuliwa mdomo mara moja tu, kwa chombo cha kusukuma au cha kukwangua. Fataki ikae chini ya usawa wa kitako kwa elfu 3 hadi 5 za inchi. Ikiingia kwa kusukumwa na dole gumba tu, ganda limekwisha. Tundu la cheche hutobolewa kwa kupigwa na huacha ukucha upande wa ndani. Mara moja kwa maisha ya ganda, ukate. Na kama hao Lapua wako ni wale wa fataki ndogo wanaoitwa Palma, tundu lao ni milimita 1.5 badala ya 2, na pini ya kawaida ya dai itakwama au kuvunjika. Angalia kabla.

Basi ufanyeje na rundo lako? Lapua 100 ziwe za yadi 600 peke yake. Zikiwa mpya pitisha mandireli kwenye midomo, kwa kuwa hugongana njiani, anza kipimo kipya cha baruti kutoka chini, na usitoe hukumu mpaka mpigo wa pili, kwa sababu mpigo wa kwanza unatumika kulivimbisha ganda likae kwenye chemba yako. Winchester zina kipimo chao tayari. Zipange kwa unene wa shingo, mazuri 50 yawe akiba. Federal zitumie kwa yadi 100 na 200, ukizitafutia kipimo chao. Zinajulikana kwa kitako laini ambacho kishimo chake hulegea mapema. LC zilizopita mtihani wa kulabu zinadumu sana, ila kwa mwaka mmoja mmoja na kipimo chao wenyewe.

Fungu moja ni sanduku moja: maganda yote ndani yake yapigwe mara sawa, yalainishwe siku moja, na idadi ya mipigo iandikwe kwenye kifuniko. Ukipima kasi piga 20, si 5. Tofauti ya mwisho hadi mwisho kwa risasi tano karibu kila mara ni ndogo kuliko ya ishirini, na ndiyo inayowafanya watu waamini mambo ambayo hayapo. Kama baada ya hayo Lapua bado zinatofautiana futi 50, acha maganda, kagua mizani ya baruti: mizani inayohama sehemu mbili au tatu za kumi za greni jinsi feni inavyopuliza ni ugonjwa wa kawaida kuliko shaba mbaya.

La mwisho ni la kisheria. Marekani kujijazia risasi za matumizi yako hakuhitaji leseni ya serikali kuu, kuzitengeneza ili uuze kunahitaji. Hata hivyo sheria hiyohiyo inalihesabu ganda tupu kuwa ni risasi. Ukienda likizo nyumbani, kagua mifuko ya koti la kiwanjani kabla hujafika uwanja wa ndege.